Jinsi ya kupanga nafasi kati ya ndege zinazoruka ili kuepuka msukosuko wa hewa

Ndege nzito ikishapaa, njia ya kurukia huonekana tupu na anga lililo juu yake huonekana jeupe, lakini kwa dakika mbili au tatu zinazofuata njia hiyo haiko tupu hata kidogo. Nyuma ya kila bawa kimebaki kisulisuli cha hewa, ambacho ndicho chanzo cha msukosuko, kimelala kama bomba refu kufuata mapito ya ndege, kikizunguka kwa nguvu inayoweza kuibinua ndege ndogo kabla rubani hajajua kilichompata. Hakina rangi, na rada ya kawaida ya kuongozea ndege haikioni. Kwa hiyo mwongoza ndege hupanga nafasi ya kukwepa kitu asichokiona, na silaha aliyo nayo ni kujua kinazaliwa wapi, kinaelekea wapi na kinachukua muda gani kufa.

Maelezo yanayofuata yanahusu ndege zinazoruka, yaani zinazoondoka uwanjani, na yanafuata zaidi kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, zilizomo katika Waraka namba 4444, pamoja na kutaja mahali ambapo baadhi ya nchi zimechukua njia yao. Yameandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa uongozaji ndege, ingawa rubani wa ndege ndogo anayechoka kusubirishwa naye atapata jibu lake humu. Pale mwongozo wa kituo chako unapotofautiana na maelezo haya, fuata mwongozo wa kituo chako.

Kwanza jua kisulisuli kiko wapi

Bawa hubeba ndege kwa sababu mgandamizo wa hewa chini yake ni mkubwa kuliko ule wa juu yake. Kwenye ncha ya bawa hewa ya chini hupata upenyo, ikapanda kwa kuizunguka ncha kuelekea juu, na kwa kuwa ndege inaendelea mbele, mzunguko huo huachwa nyuma. Ukiitazama ndege kwa nyuma, kisulisuli cha bawa la kushoto huzunguka kama mishale ya saa na cha bawa la kulia huzunguka kinyume chake. Hewa iliyo katikati ya viwili hivyo husukumwa chini, na iliyo nje ya ncha za mabawa husukumwa juu. Ndege ndogo ikiingia katikati yake hukandamizwa chini na kupoteza uwezo wa kupanda. Ikiingia ndani ya kisulisuli kimoja kwa kufuata urefu wake, hupinduliwa ubavu kwa kasi ambayo usukani wake unaweza kushindwa kuizuia.

Nguvu ya kisulisuli hutegemea uzito wa ndege, mwendo wake na umbo la bawa. Ndege iliyo nzito, inayokwenda taratibu, na ambayo flapi zake, yaani vibamba vya ukingo wa nyuma wa bawa, zimerudishwa ndani, ndiyo inayoacha visulisuli vikali kuliko zote. Wanafunzi wengi huchanganya jambo hili na upepo wa injini, na kosa hilo lina madhara, kwa sababu humfanya mtu aangalie mahali pasipohusika. Upepo wa injini ni hatari kwa aliye nyuma ya ndege ardhini na huisha mara baada ya ndege kuondoka. Kisulisuli hutokana na bawa kubeba uzito, na kingekuwepo hata kama injini zote zingezimwa.

Kutokana na hilo linakuja jambo ambalo mwongozo wote huu umelikalia. Wakati ndege inakimbia ardhini, magurudumu ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya uzito wake, na bawa bado halijafanya kazi ya kutosha kuzaa kisulisuli cha kuogopwa. Rubani anapoinua pua ya ndege, bawa hupokea mzigo, na kisulisuli huanza hapo. Wakati wa kutua mambo huenda kinyume: kisulisuli hukoma gurudumu la mbele linapogusa ardhi. Ndiyo maana sehemu ya njia ambayo ndege nzito imeikimbia kabla ya kuinua pua ni salama kuliko sehemu iliyobaki, na ndiyo maana mwongoza ndege makini huangalia kwa macho yake mahali ambapo pua imeinuka, akapakumbuka kwa kutumia alama ya ardhini kama vile makutano ya barabara ya maungio, ambayo ndege huipita kufika kwenye njia ya kurukia, au kifuko cha upepo.

Baada ya kuzaliwa, visulisuli hushuka kwa kasi ya futi 300 hadi 500 kwa dakika, kisha huacha kushuka vikiwa futi 500 hadi 1,000 chini ya mapito ya ndege iliyoviacha. Vikikaribia ardhi haviendelei kushuka bali huachana, kimoja kikienda kushoto na kingine kulia, kwa mwendo wa maili 2 au 3 za baharini kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Hapo upepo huingilia. Tuseme upepo mwepesi unavuma kutoka kushoto kwa mwendo huohuo wa mtu anayetembea: kisulisuli cha kushoto kinataka kwenda kushoto, upepo unakirudisha kulia, na matokeo yake kinasimama palepale juu ya njia ya kurukia. Kile cha kulia nacho hupata msukumo wa ziada, na kukiwa na njia ya kurukia iliyo sambamba upande huo, kitahamia huko. Kwa hiyo upepo mwepesi wa ubavuni unatisha kuliko upepo mkali, kwa kuwa upepo mkali huvunjavunja visulisuli na kuvipeperusha. Asubuhi tulivu ambayo bendera haipepei, na ambayo kila mtu huisifu kuwa nzuri kwa kuruka, ndiyo inayotaka uangalifu zaidi, kwani visulisuli hudumu muda mrefu katika hewa iliyotulia.

Tambua uzito kabla ya kupanga zamu

Kanuni za ICAO huzigawa ndege katika makundi kwa kutumia uzito wa juu kabisa ulioidhinishwa wa kurukia, wala si uzito ambao ndege inao siku hiyo. Ndege iliyoidhinishwa kwa tani 250 huhesabiwa kuwa ya tani 250 hata kama leo inaondoka bila abiria. Kundi la ndege nyepesi, lenye herufi L, ni la ndege zisizozidi kilo 7,000. Kundi la kati, herufi M, ni la zile zinazozidi kilo 7,000 lakini hazifiki kilo 136,000. Kuanzia kilo 136,000 na kuendelea ni ndege nzito, herufi H. Juu yao lipo kundi la pekee lenye herufi J, ambalo kwa vitendo maana yake ni Airbus A380, ndege ya zaidi ya tani 500. Cessna 172 na Cessna Caravan ni nyepesi; ATR 72, Boeing 737 na Airbus A320 ni za kati; Boeing 767, 777 na 787 pamoja na Airbus A330 ni nzito.

Herufi hiyo huandikwa na mwendeshaji katika sehemu ya 9 ya mpango wa safari, kando ya aina ya ndege, na kutoka hapo huhamia kwenye karatasi au skrini iliyo mbele ya mwongoza ndege. Rubani wa ndege nzito, anapoita mnara kwa mara ya kwanza, huongeza neno «Heavy» baada ya jina lake la wito, na wa A380 huongeza «Super». Usilichukulie neno hilo kuwa mapambo, kwa kuwa ndilo linalomzindua rubani wa ndege ndogo aliye kwenye masafa hayohayo na ambaye hajui ni nani aliye mbele yake. Ikiwa herufi ya kwenye karatasi haiafikiani na ndege unayoiona dirishani, amini dirisha kwanza, uliza, kisha sahihisha karatasi.

Udhaifu wa mgawanyo huu ni upana wa makundi yake. Kundi la kati linaanzia ndege ya tani 8 na kuishia kwenye ndege ya tani 135, kana kwamba hizo mbili ni ndugu. Boeing 757 ndiyo iliyoonyesha tatizo hilo kwa gharama kubwa. Kwa uzito wake ni ya kundi la kati, lakini visulisuli vyake vimesababisha ajali kwa ndege ndogo zilizokuja kutua nyuma yake nchini Marekani, mmoja wa mifano ikiwa ile ya Billings, Montana, mwezi Desemba 1992, na mwingine ule wa Santa Ana, California, Desemba 1993. Mwaka 1994 Marekani iliongeza nafasi inayoachwa nyuma ya ndege hiyo, na nchi nyingine pia huipa masharti ya pekee. Angalia kituo chako kinasemaje kuhusu 757 kabla haijafika, kwa sababu muda wa kutafuta kanuni hautakuwepo ndege mbili zikiwa tayari kwenye mstari wa kusubiri.

Hesabu dakika, na jua unaanzia wapi

Ndege nyepesi au ya kati inayoruka nyuma ya ndege nzito huachiwa dakika 2, na nyepesi inayoruka nyuma ya ya kati nayo huachiwa dakika 2. Nyuma ya A380, ndege nzito huachiwa dakika 2, na za kati na nyepesi huachiwa dakika 3. Nyakati hizo hutumika ndege zinapotumia njia moja ya kurukia. Hutumika pia kwenye njia mbili sambamba zilizo karibu kwa chini ya mita 760, kwa sababu kisulisuli kinachotembea ubavuni kinaweza kuvuka umbali huo kikiwa bado na nguvu. Njia zinapokatana, au zikiwa sambamba lakini mbali kwa mita 760 au zaidi, swali linakuwa moja: je, mapito ya ndege ya pili yatakatana na ya kwanza katika kimo kilekile, au chini yake kwa pungufu ya futi 1,000? Jibu likiwa ndiyo, dakika zinahesabiwa kama kawaida.

Ndege ya pili inapoanzia kurukia katikati ya njia, kwenye makutano, badala ya mwanzo wake, huongezwa dakika 1: nyepesi na ya kati nyuma ya nzito, na nyepesi nyuma ya ya kati, huachiwa dakika 3, na nyuma ya A380 za kati na nyepesi huachiwa 4. Marubani wengi wa ndege ndogo huiona dakika hiyo kuwa ukaidi wa mnara. Chukua njia yenye urefu wa mita 3,000. Ndege nzito imeanzia mwanzo na kuinua pua kwenye mita 2,000. Ndege nyepesi ikianzia mwanzo uleule, itaacha ardhi kwenye mita 500 hivi, na itakapofika mita 2,000 itakuwa tayari imepanda, iko juu ya mahali ambapo visulisuli vinaanzia. Ikianzia kwenye makutano yaliyo mita 1,500, itaacha ardhi kwenye mita 2,000, mahali palepale ambapo visulisuli vilizaliwa, na itapanda ikiwa ndani yake kwa kuwa upandaji wake ni wa polepole. Ndege ni ileile, rubani yuleyule na upepo uleule, ila mita 1,500 za njia alizoziokoa zimemwondolea kinga yake yote. Kwa hiyo, rubani akiomba kuruka kutoka katikati ili awahi, mjibu kwa kumweleza kwamba akienda mwanzo wa njia atasubiri dakika 2 badala ya 3, na mara nyingi atachagua mwenyewe kwenda mwanzo.

Dakika zinaanza kuhesabiwa lini? Hapa nchi zinatofautiana, na kutojua tofauti hiyo ni chanzo cha ubishi mwingi. Nchini Marekani, ndege ya pili haipewi ruhusa ya kuruka mpaka muda uliowekwa upite tangu ndege ya kwanza ianze kukimbia. Nchini Uingereza kipimo ni kutoka ndege ya kwanza kuacha ardhi mpaka ya pili kuacha ardhi, na mwongoza ndege anaruhusiwa kutoa kibali mapema kidogo kwa kukisia muda ambao ndege ya pili itakimbia, ilimradi nafasi ya hewani itimie.

Mfano utaonyesha maana ya tofauti hiyo. Boeing 777 inaanza kukimbia saa 2:14:20 asubuhi, na inaacha ardhi saa 2:15:00. Nyuma yake iko ATR 72, ambayo ni ya kundi la kati. Kwa utaratibu wa kwanza, kibali cha ATR kisitolewe kabla ya saa 2:16:20. Kwa utaratibu wa pili, ATR isiache ardhi kabla ya saa 2:17:00. Ukikadiria kwamba rubani atachukua sekunde 10 kuitikia na kuongeza nguvu ya injini, na sekunde 25 kukimbia, unaweza kutoa kibali saa 2:16:25. Tofauti ni sekunde 5 tu, na ungeweza kusema haina maana. Lakini badilisha ATR uweke Cessna ndogo inayoacha ardhi baada ya sekunde 12: kwa utaratibu wa pili kibali chake kitasubiri mpaka saa 2:16:38, kwa sababu ndege inayokimbia kwa muda mfupi hufika hewani mapema. Anayetoa kibali kwa mazoea, bila kuitazama ndege iliyo mbele yake, ndiye anayekosea hapa.

Hesabu kwa sekunde. Anayeandika kwamba ndege ya kwanza imeruka saa 2:14 na ya pili saa 2:16 huamini kwamba ameacha dakika 2, ilhali ya kwanza inaweza kuwa imeruka saa 2:14:55 na ya pili saa 2:16:05, yaani dakika moja na sekunde 10. Saa ya mnarani inayoonyesha sekunde, au kipima muda kinachobonyezwa pua inapoinuka, huondoa mtego huo.

Yapo mazingira mawili yanayosahaulika kwa sababu hayatokei kila siku. La kwanza ni ndege nzito inayoghairi kutua na kupaa tena juu ya njia, wakati ndege ndogo inasubiri kuruka kutoka upande wa pili wa njia hiyo: acha dakika 2, kwa kuwa visulisuli vya ndege iliyopita chini vinashukia mahali ambapo ndogo itapanda. La pili ni njia ambayo kizingiti chake cha kutulia, yaani alama ya mahali pa kuanzia kutua, kimesogezwa ndani, ambapo ndege nyepesi au ya kati inaruka baada ya nzito kutua, na mapito yake yanatarajiwa kukatana na ya ile iliyotua. Hapo pia ni dakika 2.

Unapotumia rada, pima kwa maili

Penye rada, nafasi inaweza kupimwa kwa umbali badala ya muda. Nzito nyuma ya nzito ni maili 4 za baharini, ya kati nyuma ya nzito ni maili 5, nyepesi nyuma ya nzito ni 6, na nyepesi nyuma ya ya kati ni 5. Nyuma ya A380, ya kati huachiwa maili 7 na nyepesi 8. Utaona kwamba nzito nyuma ya nzito haikutajwa kwenye dakika lakini imetajwa kwenye maili. Ndege inayokwenda maili 160 za baharini kwa saa humaliza maili 4 kwa dakika moja na nusu, na hicho ni kipimo kizuri cha kubeba kichwani unapokisia kama nafasi itatosha. Kumbuka tu kwamba ndege ya mbele ikiendelea kuongeza mwendo nafasi hukua, na ndege ya nyuma ikiwa na mwendo zaidi nafasi hupungua. Kwa hiyo umbali unaouona wakati ya pili inaacha ardhi si lazima uwe ndio utakaobaki baada ya dakika tatu.

Nafasi hupunguza hatari bila kuifuta. Tarehe 12 Novemba 2001, Airbus A300-600 ya safari namba 587 ya American Airlines iliruka kutoka uwanja wa John F. Kennedy, New York, nyuma ya Boeing 747. Zote mbili zilikuwa nzito. Airbus ilikutana na visulisuli vya 747, na rubani msaidizi akajibu kwa kukanyaga usukani wa mkia huku na huko kwa nguvu kupita kiasi, mpaka mkia wa wima ukakatika. Watu 260 waliokuwa ndani na 5 waliokuwa ardhini walikufa. Wachunguzi walikuta kwamba kilichovunja mkia ni mzigo uliotokana na mwitikio huo wa usukani, na si kisulisuli chenyewe. Kwa mwongoza ndege, ajali hiyo inaonyesha kwamba ndege mbili kuwa za kundi moja si kinga dhidi ya kukutana na visulisuli, na kwamba hata ndege kubwa inapaswa kuambiwa nini kiko mbele yake.

Pale sekunde zinapochukua nafasi ya dakika

Kwa sababu ya upana wa makundi ya zamani, viwanja vyenye msongamano vimehamia kwenye makundi mapya yanayozingatia uzito pamoja na upana wa mabawa. Marekani ilianzia Memphis mwaka 2012. Ulaya ilianzia uwanja wa Charles de Gaulle, Paris, mwaka 2016, ikiwa na makundi 6 kuanzia A hadi F. Mwaka 2020 ICAO nayo iliingiza katika Waraka 4444 mgawanyo wa makundi 7, kuanzia A hadi G, ambao nchi inaweza kuutumia badala ya ule wa herufi L, M, H na J.

Katika mpango wa Ulaya nafasi za kurukia huhesabiwa kwa sekunde. Nyuma ya A380, ambayo ni kundi A, kundi B huachiwa sekunde 100, C huachiwa 120, D 140, E 160 na F 180 (D na E ni ndege za kati, kubwa na ndogo, na F ni nyepesi). Nyuma ya kundi B, yaani ndege nzito kubwa, kundi D huachiwa 100, E 120 na F 140. Nyuma ya kundi C, ambalo ni la ndege nzito ndogo, D huachiwa 80 tu, E 100 na F 120. Faida yake inaonekana hapo: ndege ya abiria ya kundi D iliyokuwa ikisubiri dakika 2 nzima nyuma ya ndege nzito ndogo sasa inasubiri dakika moja na sekunde 20. Mpango huu una pande mbili, kwani ndege nyepesi kabisa zimeongezewa kinga mahali fulani: kundi F nyuma ya B linapata sekunde 140, zaidi ya dakika 2 za zamani. Usichanganye mipango miwili katika zamu moja. Kituo kinatumia huu au ule, na anayehesabu kwa herufi za mpango mmoja na muda wa mpango mwingine atajikuta amepunguza nafasi bila kujua.

Panga zamu ili dakika zisipotee

Kanuni humwambia mwongoza ndege ni nafasi gani asiipunguze, lakini hazimwambii aruhusu nani kwanza, na hapa ndipo ustadi wake unapoonekana. Tuseme zipo ndege nne: nzito, nyepesi, nzito nyingine, na ya kati, zimefika kwa mfuatano huo. Ukiziruhusu kama zilivyofika, nyepesi itasubiri dakika 2 nyuma ya nzito ya kwanza, nzito ya pili itafuata baada ya dakika 1 hivi, na ya kati itasubiri tena dakika 2, jumla dakika 5 kati ya ya kwanza na ya mwisho. Ukianza na nyepesi, kisha ya kati, kisha nzito mbili, unaacha takriban dakika 1, dakika 1, na dakika moja na nusu kati ya zile nzito, jumla dakika tatu na nusu. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Umeepuka tu kuweka ndogo nyuma ya kubwa.

Hata hivyo hesabu hiyo ina sharti. Ndege nyepesi ikitangulia ni ya polepole, na ya kati inayofuata itaifikia upesi ikiwa zote zinaelekea upande mmoja. Mbinu hii hufaa ikiwa ndogo inaweza kugeuzwa mapema ikatoka kwenye mapito ya wenzake; isipoweza, ulichokiokoa kwenye njia utakilipa hewani. Tena, usimsukume aliyefika wa kwanza mpaka mwisho wa foleni mara tatu mfululizo kwa sababu tu ni mdogo. Ukiwa na ndege kubwa nyingi na moja ndogo, itafutie pengo ambalo litakuwepo kwa sababu nyingine, kwa mfano ndege inayokuja kutua, ili dakika zake za kusubiri ziliwe na pengo hilo.

Ndege inayongojea dakika 2 au 3 ibaki kwenye mstari wa kusubiri badala ya kuwekwa juu ya njia, isipokuwa una hakika hakuna anayekuja kutua. Unapoiacha ingoje, mwambie rubani sababu na muda kwa maneno machache, kwa kuwa rubani anayejua kwamba amebakiza sekunde 70 hutulia, na asiyejua huanza kuuliza na kujaza masafa. Pale nafasi isipotakiwa na kanuni lakini hatari bado ipo, kwa mfano helikopta kubwa imepita ikielea karibu na njia, au upepo unasukuma kisulisuli cha njia jirani kuelekea kwenye njia yako, toa tahadhari ya msukosuko wa hewa, ukitaja aina ya ndege iliyotangulia na mahali ilipo. Baada ya hapo rubani ana haki ya kuomba muda zaidi, na apewe bila kubishana naye, maana yeye ndiye atakayeketi ndani ya ndege hiyo. Ombi la kupunguza muda ni jambo jingine. Nchini Marekani baadhi ya vipindi vya kuanzia kwenye makutano vinaweza kuachwa kwa ombi la rubani, lakini si pale aliyetangulia anapokuwa ndege nzito au A380.

Ikitokea rubani akaripoti kwamba ameyumbishwa, mjulishe anayefuata mara moja, kisha andika mambo haya kabla hayajasahaulika: aina za ndege zote mbili, saa kamili ambayo kila moja iliacha ardhi, mahali kila moja ilipoinulia pua, mwelekeo na kasi ya upepo kwa dakika hiyohiyo, kimo ambacho ya pili ilikuwa nacho ilipoguswa, na upande ilioanza kulalia.